Gari Lililopita Dirishani

Nakumbuka siku moja niliyokwenda Kagugu kuposa, mwanangu, na nakuhadithia kwa sababu jana uliniomba nikuazimie gari kubwa la jirani uende nalo ukweni, nawe ukapose Kagugu hukohuko.

Gari langu lilikuwa kuukuu. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, mlango mmoja haufunguki ila kwa nje, mvua ikinyesha miguu inalowa. Breki ya mkono ilikufa zamani, na kwa vilima hivi vya Kigali, kila mwenye gari la namna ile alibeba jiwe la kuzuia tairi. Mimi siku hiyo nililiacha jiwe nyumbani Rwezamenyo. Niliona haya! Wakwe wataniona naegesha kwa jiwe?

Basi tukaketi. Ami yangu, msemaji wetu, akaanza kunisifu: kijana mtulivu, mwangalifu, hana papara. Hajamaliza, gari likapita dirishani taratibu, halina dereva. Likaenda kugonga kreti za soda za sherehe. Nikajua mke nimemkosa. Moyo uliniuma, maana Hadija nilimpenda kweli.

Baba yake akaniuliza, "Kijana, jiwe yako iko wapi?"

"Nimeacha nyumbani, mzee. Niliona haya."

"Unaona haya na jiwe yenye inakulindia gari? Na binti yangu akizeeka, utamuacha nyumbani vilevile? Enda utafute ingine, ulete hapa watu wote wakuone."

Nikapita mbele ya wageni na jiwe kifuani, jasho likinitoka. Nyuma ya pazia nikasikia Hadija anacheka mpaka anakohoa. Mzee naye akacheka, akasema sasa amemwona mkwe wake. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Sasa hilo gari lako unalolidharau, ati la bei ya chini. Lina kiyoyozi, lina kamera ya nyuma, lina mifuko ya hewa. Usipofunga mkanda linakupigia kelele kuliko mama yako Hadija, na mlimani linajishikilia lenyewe. Langu lililishinda lako kwa jambo moja tu, nalo ni zuri: likizimika, nilifungua boneti nikalitengeneza mwenyewe, wakati lako linataka fundi mwenye kompyuta. Lakini usidanganywe na wazee wenzangu wanaolilia magari ya zamani. Tungepewa lako, tungelala ndani yake!

Nasaha yangu ni hii, mwanangu: nenda ukweni na kilicho chako, wakujue ulivyo tangu siku ya kwanza. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Jirani nimeshamwambia asikupe ufunguo.

Mungu akuongoze njia ya Kagugu na ya kurudi, akulainishie nyoyo za wakwe, na akupe mke atakayekucheka leo akakubali kuzeeka nawe.