Ndege Ndogo ya Khainza

Khainza alianzia Jinja, akipaka rangi juu ya majina ya Wahindi waliofukuzwa nchini na kuandika ya wenye maduka wapya. Kazi ilipopungua alihamia Mbale, kwenye studio ya picha ya Bwana Sulaiman. Huko alichora mapazia ya nyuma ambayo wateja husimama mbele yake.

Mwaka wa sabini na tano alichora pazia lenye mlima, korongo akitua, na angani juu kabisa ndege ya kijeshi, ndogo kuliko korongo. Siku ya tatu koplo mmoja alikuja kupiga picha. Hakuketi. Aliliangalia pazia kwa muda mrefu.

"Mama wa Jinja, hii ndege ni ya serikali?"

"Ndiyo, afande."

"Sasa korongo inashinda ndege ya serikali?"

"Korongo yuko karibu, afande. Ndege iko mbali. Kitu kikiwa mbali huonekana kidogo."

"Iko mbali sababu gani? Inakimbia nani?"

Khainza akamwomba watoke nje. Ilikuwa jioni, bado kweupe, na mwezi umechomoza juu ya mlima wa Wanale. Akamwambia afumbe jicho moja, anyooshe kidole gumba. Mwezi ukafunikwa wote.

"Umeona, afande? Mwezi ni mkubwa kuliko mlima ule. Ni umbali tu."

Koplo hakushusha mkono. "Kwa hiyo mtu akikaa mbali anaweza kufunika serikali na kidole?"

Hakungoja jibu. "Kesho nakuja na bibi yangu. Nataka ndege kubwa."

Sulaiman alikuwa mlangoni. Hapo ndipo Khainza alipogutuka: koplo alimwita Mama wa Jinja. Pale Mbale, ni Sulaiman peke yake aliyejua alikotoka. Khainza aliichora ndege upya, kubwa kama mlango, na kila Sulaiman alipokohoa alidhani anamwita mtu.

Kesho yake koplo alikaa na mkewe chini ya tumbo la ndege. "Sasa iko karibu," akasema, akacheka. Khainza hakukiamini kicheko kile. Jumamosi aliaga kwamba dada yake wa Mafubira, kule Jinja, anaumwa, akaacha brashi zake mezani, asirudi.

Baada ya vita vya sabini na tisa, Sulaiman alimkuta sokoni Jinja akiuza vitenge.

"Dada, ulinikimbia bure. Yule koplo alikuwa akiuliza habari zako tangu mwanzo. Nilimwambia wewe ni shemeji yangu wa Jinja, ili asikuguse."

Khainza alimtazama usoni, akitafuta. Huenda ni kweli. Huenda ndivyo wanavyosema sasa wote waliokuwa wakiwapelekea askari habari. Alimnunulia chai, wakaulizana habari za watoto. Sulaiman alipomwomba arudi studio, alisema atafikiria, na alipomwona akipanda basi la Mbale alihamisha meza yake hadi upande wa pili wa soko.