Siku Yenu Ijumaa

Shangazi yangu Verna alikata tiketi miaka tisa kwenye bwawa la kuogelea la mji wetu, Port Ansel, huku pwani ya Kanada. Usimwone hivi na mkongojo wake. Enzi zake alikuwa na ulimi mkali, nami nimeurithi, kwa hiyo nitasema mambo yalivyo.

Maji ya bwawa yalibadilishwa kila Jumamosi asubuhi. Wachina waliruhusiwa Ijumaa alasiri tu, maji yakiwa yameshageuka rangi. Mji mzima uliijua sheria hiyo. Mwaka huu baraza la mji likaamua kuomba radhi, meya akatuma watu wapekue makabrasha ya zamani. Wapi! Hawakuona hata mstari mmoja. Wakaandika hivyo hivyo kwamba mji unajutia sheria ya wakati ule.

Nilipomsomea shangazi habari hiyo gazetini, aliisukuma chai yake pembeni. Akaniambia sheria haikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, wiki yake ya pili kazini, akaja dirishani Suey Lum, msichana wa Kichina aliyesoma naye darasa moja, taulo begani. Kina mama wawili kwenye foleni wakaguna. Shangazi akawaonea haya, akaropoka, "Nyinyi siku yenu Ijumaa." Bosi wake akasikia, akacheka, akaacha iwe hivyo.

"Ni mdomo wangu huu," alisema. "Na sasa wanaisingizia sheria."

Nilimshauri anyamaze. Ana miaka themanini na sita, nani atamuuliza? Naona aibu kulikiri hilo. Alinikazia macho mpaka nikachukua funguo za gari.

Ukumbini, kwenye hafla ya kuomba radhi, meya alipomaliza kusoma, shangazi alisimama akaeleza yote, kina mama, bosi, kila kitu. Suey alikuwa mstari wa mbele na wajukuu zake.

"Suey, haikuwa sheria," alimalizia. "Ni mimi."

Suey hakulia wala hakumkumbatia. Aliikunja karatasi ya ratiba.

"Wadogo zangu walikuwa wakiniuliza kwa nini Ijumaa," alisema. "Niliwaambia ni sheria, Verna, wasije wakawachukia watu. Wote watatu wamekufa wakijua hivyo. Sasa nikamwambie nani?"

Shangazi alibaki amesimama pale. Hakuna aliyemsogezea kiti, hata mimi.