Kamera Mbili na Uso wa Bibi Harusi

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu mama yangu alishindwa kumtambua mkwe wake.

Kaka yangu alipooa, mama alikuwa hawezi tena kunyanyuka kitandani. Nyonga zilikuwa zimemgomea. Harusi aliiona kwenye televisheni, kwa kanda niliyoipiga mimi mwenyewe kwa kamera yangu kuukuu. Gauni lilitoka jeupe pee, mithili ya shuka lililoanikwa, na juu ya gauni, pale uso ulipopaswa kuwa, palikuwa na kivuli tu. Mama akatazama, akatazama, kisha akauliza, "Sasa bibi harusi mwenyewe ni yupi?" Wenzangu wakacheka. Mimi niliumia, maana kupiga video za harusi na kitchen party ndiyo kazi inayonilisha pale Tabora.

Sasa ikawa zamu ya Neema, mdogo wetu wa mwisho. Mama akaanza kumfumia shela akiwa kitandani, ua moja baada ya jingine, na siku moja akanishika mkono. "Neema ndiye wa kufungia," aliniambia. "Baba yenu hayupo tena duniani, na mimi kanisani sifiki. Safari hii nataka kuona uso." Sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Mjomba Maganga, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Akakubali nilipwe mapema ili niongezee kwenye akiba yangu ninunue kamera ya dijitali, maana nchi ilikuwa imeshafungua milango ya biashara na tulisikia Kariakoo kumejaa kila kitu. Lakini alitoa sharti: iwe kubwa, ya kuweka begani. Kwetu mpiga video hupimwa kwa ukubwa wa kamera yake, na akiwa mwanamke hupimwa mara mbili. Ukija na kadude kadogo, watu wanakusimamia mbele kana kwamba hujaalikwa.

Treni iliondoka Tabora jioni. Ndani ya mkoba wangu nilikuwa na kitambaa kimoja cheupe cha mama, kile cha kufuma anachokitandika juu ya kiti, kimejaa maua na matundu madogo. Nilikuwa nimeamua kwamba kamera nitakayonunua lazima ionyeshe matundu yale, na uso wa mtu mweusi pembeni yake, vyote kwa pamoja.

Saranda tulifika asubuhi, na wachuuzi wakatuletea kuku wa kuchoma hadi dirishani. Nilikula huku nikimwangalia abiria mmoja, mama mtu mzima aliyekaa mbele yangu, mgongo dirishani, jua likiwaka nyuma ya kichwa chake. Nilimwona hadi makunyanzi ya machoni, na miti ya nje pia niliiona. Jicho la binadamu ni kitu cha ajabu jamani. Kamera yangu ya zamani pale ingechagua kimoja: ama mama yule awe kivuli, ama dirisha liungue lote liwe weupe mtupu.

Dar es Salaam nilipokelewa na wifi yangu Mwanaidi, mke wa binamu yangu, nyumbani kwao upande wa Msimbazi. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na salamu ilianzia mlangoni.

"Mnyamwezi kaja! Mzigo wa nani umebeba leo?"

"Wa kwenu. Nyie mkisikia ngoma si mnautupa njiani?"

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Baada ya chai nikamweleza shida yangu, naye akanipa shauri moja. "Wifi, Kariakoo siku ya kwanza ni ya macho tu. Pesa iache hapa nyumbani."

Siku ile ya macho siwezi kuisahau. Kariakoo inafanya kazi kwa mwendo ambao kwetu tunautumia kukimbilia mvua. Mikokoteni inapita palepale ambapo wewe uliona hapapiti mtu, wapagazi wanaita "Pisha, pisha mama!" na mzigo haumgusi mtu. Redio, pasi, televisheni, vitenge, vyote vimepangwa hadi barabarani. Nilisimama nimeduwaa, nikajivunia nchi yangu kama vile maduka yote yale yalikuwa ya baba yangu.

Kamera ya kwanza niliiona kwa Mchaga mmoja, Elia, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi.

"Mambo, sista?"

"Poa. Natafuta kamera ya video, ya dijitali."

"Basi umefika. Cheki hii mashine. Ukiiweka begani, mchungaji mwenyewe anakupisha."

Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Nzito, nyeusi, ina mpini juu; mjomba Maganga angeipigia makofi. Mangi akaiunganisha na televisheni, na chini ya taa zake nyingi rangi zilimeremeta. Hapo ndipo wengi wetu tunapoponzwa, kwa sababu dukani kila kitu kina mwanga wa kutosha. Nikatoa kitambaa cha mama.

"Kaka Mangi, shika hiki karibu na shavu lako, tutoke nje."

"Sista, unataka kunioza?" Lakini alishika.

Juani, uso wake ulionekana vizuri, ila kitambaa kiliungua; matundu na maua yote yakapotea. Tukaingia stoo, kwenye giza la maboksi. Kamera ikajitahidi kuongeza mwanga yenyewe, na usoni kwa Mangi pakajaa chenga, vidoa vidogo vinavyochemka kama dagaa kwenye mafuta. Mangi akajitazama kwenye televisheni kwa muda.

"Aisee," akasema. "Hapo mimi ni yupi?"

Nilishtuka, kwa sababu yalikuwa maneno yaleyale ya mama. Nikamsimulia habari nzima. Angeweza kunibembeleza ninunue, maana wateja wa kamera hawaji kila siku, lakini alikuna kidevu akasema, "Hii yangu ni ya kuonekana. Kuna Mhindi kule mjini, Harish, ana kadogo fulani anakasifia sana. Kesho asubuhi tunaenda wote. Mimi nabeba hii, zishindane. Ikishindwa, soda juu yangu."

Kesho yake mapema tulikata Mnazi Mmoja kwa miguu hadi Kisutu, Mangi na mashine yake begani, watu wakitupisha kweli kama alivyosema. Duka la Harish lilikuwa limefunguliwa nusu. Ndani giza, na katikati ya giza alisimama bibi mmoja mwenye sari nyeupe, mama yake Harish, akiwasha taa ndogo ya mafuta mbele ya picha takatifu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ngojeni kidogo. Hapa taa ya Mungu inatangulia taa ya umeme."

Mangi alivua kofia. Alikuwa anajua utaratibu. Tukasimama kimya huku ubani ukipanda. Na mimi, Mungu anisamehe, wakati wenzangu wametulia kwa heshima nilikuwa naiangalia ile sari nyeupe, ule uso wa kahawia na ule mwali mdogo. Ningetafuta jiji zima nisingepata kipimo kama kile.

Alipomaliza, Harish alinyoosha mkono kuwasha taa za duka.

"Kaka, tafadhali usiwashe!" nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nikawaeleza kwa nini.

Bibi aliniuliza jambo moja tu. "Mama yako hatatoka kitandani siku hiyo?"

"Hatatoka, bibi."

"Harish, acha taa." Akachukua kitambaa, akakipapasa kwa vidole. "Kafuma yeye? Mkono wake bado mzima." Akakiweka begani juu ya sari yake, akasimama kando ya taa na kutuambia tufanye haraka, miguu inamuuma.

Tukapiga kwa kamera ya Mangi kwanza, kisha kwa kadogo ka Harish, tukatazama zote kwenye televisheni moja. Kwa ile kubwa, mwali ulikuwa donge jeupe, sari na kitambaa vimeungana, na usoni chenga. Kwa ile ndogo mwali ulikuwa na njano nje na ubuluu kidogo shinani. Mikunjo ya sari ilihesabika. Matundu ya mama yangu yalikuwepo. Na bibi alikuwa bibi, na makunyanzi yake yote. Nilipiga kelele ya furaha, naye akasema amezeeka, tuzime.

"Usifurahi haraka, dada," alisema Harish. Akaukinga mwali kwa kiganja, na chenga zikajitokeza hata kwenye kamera yake, ingawa laini, kama unga. Kisha akanionyesha mistari inayotembea kwenye kioo cha kamera juu ya kitu chochote kinachotaka kuungua. "Punguza mwanga mpaka mistari iondoke kwenye shela. Uso ukiwa giza, usiilazimishe kamera, utaita chenga. Tafuta kitu cheupe kirudishe mwanga usoni."

Mangi aliinunua soda yake bila kinyongo, hadi ya bibi. Nilinunua kale kadogo palepale, na hata bei nilipunguziwa kwa kuwa mteja wa kwanza wa siku hafukuzwi. Tulipotoka, Mangi alijitupia mashine yake begani na hatujafika mbali alikuwa ameshaanza kumsifia mpita njia mmoja jinsi inavyoheshimisha mtu. Wale wawili wanagombea wateja walewale, lakini walinihudumia kama ndugu. Nawaheshimu mpaka leo.

Nyumbani Tabora, mjomba Maganga aliigeuzageuza kamera mkononi. "Hiki ni kiberiti," alisema. "Kamera iko wapi? Kanda hii ikiharibika, mama yako utamwambia wewe." Nilijua kwamba safari hii hakuna kamera kuukuu ya kuisingizia.

Siku ya harusi jua lilikuwa kali na kanisa lina giza, mtihani kamili. Mistari ilipotembea kwenye shela, nilipunguza. Uso wa Neema ulipoingia kivulini, nilimwomba shangazi akunjue shuka jeupe pembeni yake. Watu walinong'ona kwamba nimeleta matandiko kanisani. Nilijifunza hapo kwamba kamera haipimwi kwa jua wala kwa bega. Ipime kwa cheupe, cheusi na mwanga kidogo, halafu uvumilie maneno ya watu.

Jioni yake tulimwegemeza mama kwa mito, mjomba akakaa miguuni pake. Neema alitokea kwenye televisheni, shela lake likionyesha maua moja moja. Nilisubiri mama asifie kazi ya mkono wake. Badala yake akainua kidole.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Analia jicho moja tu," alisema mama polepole. "La kushoto. Kama baba yenu siku aliyokuja kunichukua kwetu."

Mjomba Maganga alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kusogeza kiti hadi karibu na televisheni.

"Irudishe nyuma kidogo," aliniambia. "Na mimi nimwone shemeji."