Sanduku Lililomngojea Amani

Niliuza cherehani yangu ya pili ili ninunue toleo la kifahari la mchezo wa video tuliocheza utotoni, mimi na mdogo wangu Amani. Miaka sita yuko Ubelgiji, na nilitamani sana tukae tena bega kwa bega. Sanduku sikulifungua, niliona si haki bila yeye.

Jana alipita hapa kwetu Gisenyi kwa siku moja, na mashine yake ya kuchezea. Tukalifungua sanduku, tukatoa sanamu, kitabu cha picha na ramani ya kitambaa. Mi fundi, nikasifu mshono.

"Kaka, diski iko wapi?"

"Iko chini, tafuta."

Akageuza sanduku, akasoma maneno ya Kifaransa, lugha nisiyoijua. Muuzaji hakunificha kitu, yaliandikwa wazi.

"Bon, wanasema mchezo wenyewe haumo, unauzwa peke yake. Donc, kaka, tucheze na hii sanamu?"