Nzuri, Ila

Mama yangu anauza mawese Ujiji tangu sijazaliwa. Zamani alikuwa akimimina kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa bila faneli, huku anapiga soga, na tone halidondoki. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, mawese yakawa yanaishia kwenye kanga, na wateja wakaanza kujimiminia wenyewe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo watafiti walipofika hospitali moja mjini Kigoma na mashine ya kujaribu kutuliza mtetemeko, alikubali kabla sijamaliza kumweleza. Daktari alituambia ni mawimbi ya sauti, yale ya altrasaundi, ila haya yanaelekezwa sehemu moja ndogo ndani ya ubongo, bila kisu.

"Altrasaundi si ya wajawazito?" Mama aliuliza. "Sasa hiki kichwa kina mimba ya miezi mingapi?"

Daktari alicheka, lakini hakutuficha kitu. Kufanya mara moja hakukumtia hofu sana. Kurudia wiki baada ya wiki ndiko walikotaka kujua kama ni salama. "Mama, kazi yako kubwa ni kutuambia unavyojisikia. Chochote kile."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, hata mafua nayaogopa. Kila wiki nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nikimkodolea macho daktari. Alikuwa kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kichwa?"

"Nzuri."

Hapo anageukia kompyuta yake, anaandika, kazi inaanza. Na mkono kweli ukatulia. Siku Mama alipojaza chupa ya kwanza bila kumwaga, jirani yake muuza dagaa alipiga vigelegele mpaka watu wakaja kuuliza nani anaolewa. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Kisha asubuhi moja nilimkuta ameshikilia nguzo ya kibanda, kafumba macho. Kumbe kizunguzungu kilikuwa kinamshika kila akitoka hospitali, naye akinificha, na wiki hizi kilikuwa kinakaa hadi kesho yake.

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Hajaniuliza."

"Mama! Anakuuliza kila wiki!"

"Ananisalimia, mwana wanje, mwanangu. Mtoto wa watu anakusalimia, wewe umjibu kwa magonjwa? Namwambia nzuri. Nikitaka kufika kwenye ila, kashanipa mgongo."

Nilikuwa nimekasirika, nikajikuta nacheka, maana alikuwa na haki. Kwetu hata aliyefiwa jana hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme, ila tuna msiba. Asiyesubiri hiyo ila hajajua habari. Lakini nilipomwangalia vizuri niliona anautazama mkono wake, na cheko likaniisha. Alijua akisema, mashine itasimama.

Sikumlazimisha. Nilimwendea daktari mwenyewe nikamweleza jinsi tunavyosalimiana. Hakubisha. Alisema, "Wote wananijibu nzuri." Niliona uso wake ukibadilika, nikamhurumia kama ndugu yangu.

Wiki iliyofuata alivuta kiti, akakaa mbele ya Mama.

"Habari za kichwa, mama?"

"Nzuri."

Hakugeuka. Alisubiri. Mama alinitupia jicho, akaufunika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Ila kinazunguka," alisema.

Alimweleza yote. Daktari alisimamisha matibabu yake siku ileile, akasema hajui kama mawimbi ndiyo yaliyosababisha, ila hawezi kuendelea kumfanyia kitu asichokijua. Kisha akaanza kuwaita wagonjwa wengine, mmoja mmoja, hadi mzee mmoja wa kijiji cha Simbo ambaye siku zote alijibu "salama" kwa sauti ya kuamrisha. Nasikia na yeye alikuwa na ila yake.

Kizunguzungu cha Mama kimekwisha. Juzi nilipita kibandani kwake.

"Habari za mkono, Mama?"

"Nzuri."

Niligeuza dumu tupu, nikakaa. Nikasubiri. Alijifanya anapanga chupa, akafuta moja kwa kanga, akaifuta tena. Mkono ulikuwa unacheza tena, kama kabla ya mashine.

"Ila," alisema, akanisogezea chupa bila kuniangalia, "hebu nishikie hapa nimimine."

Nikaishika kwa mikono yote miwili.