Kamba ya Kwenda Chooni

Leo dukani nimenusa kamba mpya ya nyavu, nikairudisha upesi kwenye rafu.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani Igogo, baba alifunga kamba kama hiyo kutoka mlangoni hadi chooni, ili dada yangu asiyeona apite mwenyewe kati ya mawe. Siku moja niliifungua upande wa chooni, tukaichezea na watoto wa jirani. Kuirudisha, nilihangaikia fundo tu lisifunguke. Bila kuangalia, nikaifunga kwenye jiwe la ukingoni, juu ya korongo, badala ya chooni.

Dada alitoka akiimba, mkono kwenye kamba.

"Simama hapohapo!" mama alipiga yowe.

Mguu mmoja wa dada ulikuwa hewani.

"Kwani choo kimehama, mama?" dada aliuliza akicheka.

Mama alimvuta, akamweleza kamba ilikokuwa imefungwa.

Kesho yake baba aliirudisha kamba mahali pake. Dada alisimama mlangoni, hakuigusa.

"Mdogo wangu," aliniita, "njoo unipeleke."