Kifuniko cha Mtungi wa Kaluvu

Asali imechacha jikoni kwangu, na harufu yake imenirudisha siku ile akina mama wa kanisa walipokuja kuombea nyumba yetu. Susu, mama yake baba, alikuwa ameweka kaluvu, pombe ya asali, nyuma ya mlango, ya wazee watakaokuja kujadili mahari ya dada. Mtungi ulikuwa umefunikwa kitambaa tu. Mama akakiondoa, akakaza kifuniko mpaka mwisho.

“Wacha, hiyo kitu inapumua,” Susu alimwambia.

“Wakisikia harufu, watanitoa kanisani.”

Tukiwa tumefumba macho katika maombi, mtungi ulipasuka. Pombe ikatiririka hadi kwenye viatu vya wageni. Mama alivua kitambaa chake cheupe cha kanisa, akapiga magoti, akaanza kupangusa.